Anza na Msasa: Mwongozo wa Anayeamini Hana Mkono wa Sanaa

Jiwe la sabuni la Tabaka, huko Kisii, likitoka mikononi mwa mchongaji halina sura ya kumvutia mtu. Limejaa alama za kisu, limepauka kwa vumbi, na ni vigumu kujua kama rangi yake ni kijivu au maziwa. Kisha linatiwa kwenye karai la maji, mkono unaanza kulisugua kwa msasa, na mishipa ya waridi au ya kahawia iliyokuwa imejificha inajitokeza mmoja baada ya mwingine. Aliyeshika msasa hakuchora umbo wala hakukata jiwe, lakini yeye ndiye wa kwanza kuliona lilivyo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hatua hiyo. Unamlenga mtu wa Kisii au Nyamira, awe mwalimu, mkulima wa chai, mwendesha bodaboda au mama wa duka, ambaye zamani alipenda kuchora, kufinyanga au kusuka, akaacha. Leo akiambiwa ajaribu tena anacheka na kujibu kwamba hana kipawa. Ushauri kwake ni mmoja: usianzie mwanzo wa kazi, anzia mwisho. Piga msasa kitu kilichochongwa na mwingine, kisha ujifunze kukiremba, na mwisho kabisa uchonge cha kwako.

Mashaka yalitoka wapi

Mtoto mdogo akipewa kijiti na mchanga huchora bila kuuliza kama anajua. Hofu humjia baadaye, na katika nyumba nyingi za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, imepitia milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisifiwa kwa masomo ya mikono, Sanaa na Ufundi yakiwemo. Kufikia miaka ya 2000, sanaa na muziki havikuwa tena katika mtihani wa KCPE, na somo lisilotahiniwa mara nyingi kipindi chake kiliishia kuwa cha hesabu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umeirudisha sanaa darasani. Lakini mzazi anayeombwa na mwanawe amsaidie kutengeneza mwanasesere au kikapu jioni ni yule yule aliyefunzwa kwamba kuchora ni mchezo wa waliokwisha kumaliza kazi.

Mlango wa pili ni kujilinganisha. Tabaka ndiko alikozaliwa Elkana Ong'esa mwaka 1944, mchongaji ambaye Ndege wake wa Amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ni fahari ya eneo zima, lakini kwa mwanzilishi jina kubwa la nyumbani linaweza kuwa mzigo. Anaona kazi iliyokamilika, haoni mawe yaliyopasuka kabla yake.

Mlango wa tatu ni pesa. Katika eneo ambalo uchongaji unasomesha watoto, swali la kwanza linaloulizwa kuhusu kitu chochote ni kama kitauzwa. Ni swali la haki kwa fundi. Kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza linaua hamu hata kabla mkono haujachafuka.

Kwa nini mikono husaidia

Mwaka 2016, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu wazima 39. Kila mmoja aliwekewa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, akaachiwa dakika 45 atengeneze anachotaka. Kwa takriban robo tatu yao, kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na msongo wa mawazo, kilikuwa kimeshuka walipomaliza. Jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakupata nafuu zaidi kuliko wasiokuwa nao.

Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hivyo usiuchukue kama dawa. Unachoonyesha ni kwamba nafuu haikungoja ustadi. Anayesema atafurahia sanaa siku atakapoijua ameweka sharti ambalo mwili wenyewe haukuliweka.

Kwa nini kuanzia mwisho

Tabaka, katika eneo la South Mugirango, haina desturi ya mtu mmoja kukibeba kitu kuanzia machimboni hadi dukani. Mmoja anachimba, mwingine anakata na kuchonga kwa panga na kisu, wengine wanasugua kwa msasa na maji, wengine wanapaka rangi na kukwaruza nakshi, na wengine wanafungasha kwa majani makavu ya mgomba. Mara nyingi wanaume ndio huchonga na wanawake ndio husugua. Kazi ya msasa hulipwa kidogo na husifiwa kidogo zaidi, ingawa bakuli lililosuguliwa vibaya halina mnunuzi hata likiwa limechongwa vizuri kiasi gani.

Mgawanyo huo unampa mwanzilishi faida tatu:

- Hakuna ukurasa mtupu. Umbo lipo tayari. Huna cha kubuni, kwa hivyo sauti ya mashaka haina pa kushika.
- Matokeo yanaonekana. Ukifuata hatua, jiwe litang'aa. Mkono unaonja ushindi siku ile ile.
- Vidole vinasoma. Ukisugua mgongo wa kiboko wa jiwe kwa nusu saa, utajua mahali unapopanda na unaposhuka kuliko ukiutazama siku nzima.

> KISANDUKU: VIFAA VYA KUANZIA
>
> - Kitu kidogo cha jiwe kilichochongwa ila hakijapigwa msasa, chenye ukubwa wa kiganja
> - Msasa wa maji, namba 120, 240, 400 na 600, karatasi moja moja (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi)
> - Karai, maji na mswaki wa zamani
> - Kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi
> - Nta au polishi ya sakafu isiyo na rangi
> - Barakoa, hata kama utafanya kazi kwa maji
>
> Msasa na polishi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kisii, Keroka na Nyamira. Jiwe linapatikana kwa wachongaji wenyewe Tabaka. Waambie wazi kwamba unataka ambalo halijasuguliwa. Wengi huuza vilivyokamilika na watashangaa kidogo.

MZUNGUKO WA KWANZA: KUSUGUA

Tenga dakika 45 kwa kila kikao. Anza asubuhi, kwa sababu mvua ya Kisii na Nyamira hupenda kuja alasiri na jiwe linahitaji jua la kukaukia.

1. Kagua nyufa. Limwagie jiwe maji kisha uliache likauke kivulini. Uso ukipauka na mstari mmoja ukabaki mweusi, hapo pana ufa unaoshikilia maji. Ufa mdogo si tatizo katika kusugua, ila ujue ulipo usije ukaubana.

2. Loweka. Litie jiwe kwenye karai kwa dakika chache. Kuanzia hapa hadi mwisho, jiwe na msasa visikauke.

3. Msasa namba 120. Sugua kwa miduara midogo hadi alama zote za kisu ziondoke. Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo watu huikatiza. Kwenye mashimo na pembe, ukunje msasa uwe kama ncha.

4. Kausha na utazame. Jiwe likiwa na maji linadanganya: linang'aa na kuonekana limekamilika. Likikauka, mikwaruzo iliyobaki hujitokeza kama mistari myeupe. Ukiiona, rudi namba 120. Usitumaini kwamba msasa laini utaifuta. Utailainisha kando na kuiacha palepale.

5. Namba 240, 400, kisha 600. Kabla ya kubadili namba, suuza jiwe na ubadilishe maji ya karai. Chembe moja ya msasa mkali ikibaki majini itaharibu kazi ya nusu saa. Kila namba isugue kukatiza upande wa ile iliyotangulia, ili uone mikwaruzo ya zamani ikiisha.

6. Anika. Liache jiwe likauke kabisa. Kukiwa na mawingu, liache hadi kesho yake. Ukipaka nta juu ya unyevu utapata madoa meupe.

7. Paka nta na ung'arishe. Paka kidogo sana, subiri ishike, kisha ufute kwa kitambaa kikavu kwa nguvu. Rudia mara mbili.

Weka kitu hicho mahali utakapokiona kila siku. Usikipige picha na kuituma kwa mtu yeyote mwezi wa kwanza. Sifa na kejeli zote huhamisha macho kutoka kwenye jiwe hadi kwa watu.

MZUNGUKO WA PILI: KUREMBA KWA KUKWARUZA

Mafundi wa Tabaka wana njia ya kuremba inayomfaa sana mwenye hofu. Kitu kilichosuguliwa hupakwa rangi, na rangi ikikauka hukwaruzwa kwa ncha kali. Kila panapokwaruzwa, weupe wa jiwe hutokea. Mstari ni mweupe juu ya nyekundu, bluu au nyeusi, na mstari ulioharibika unaweza kusuguliwa na kupakwa upya.

1. Chagua kitu bapa na cheupe: kisahani, kifuniko cha kikasha, au jiwe la mviringo linalojaa mkononi. Lisugue hadi namba 400 bila kulipaka nta, kwa maana nta huzuia rangi kushika.
2. Lipashe jiwe moto juani. Paka rangi nyembamba kwa brashi na uache ikauke.
3. Chukua msumari ulionolewa na uufunge kitambaa pale pa kushikia.
4. Anza na mistari tu: sambamba, ya mawimbi, ya kukatizana. Usichore mnyama wala sura ya mtu. Jaza kitu kizima.
5. Cha pili, tumia ruwaza unayoiona kila siku: mistari ya michai iliyopandwa kwenye kilima, mishipa ya jani la mgomba, au msuko wa kikapu cha nyumbani.
6. Maliza kwa nta.

Chombo kilichopakwa rangi kiwe pambo. Usikitumie kuwekea chakula.

MZUNGUKO WA TATU: KUCHONGA CHA KWAKO

Subiri hadi umalize vitu vitatu au vinne vya mizunguko iliyotangulia. Hapo mkono utakuwa umejua jiwe linavyokatika na jicho litakuwa limejua umbo zuri linavyohisika.

Anza na kuku aliyelalia mayai. Ana mgongo, kifua, kichwa kilichoinama na mkia mfupi; hana miguu wala shingo ndefu. Jiwe la sabuni ni laini kwa kisu lakini ni dhaifu likiwa jembamba, na wanaoanza na twiga au korongo huishia na vipande viwili.

1. Omba au nunua bonge la mabaki lenye ukubwa wa ngumi. Likague kama ulivyojifunza.
2. Chora kuku kwa penseli pande zote: upande wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa juu.
3. Kata pembe kubwa kwa msumeno wa zamani wa mbao. Loanisha jiwe kila mara.
4. Toa sehemu kubwa kwanza. Zungusha jiwe kila baada ya kukata mara chache, usimalize upande mmoja ukauacha mwingine.
5. Kisu kielekee mbali nawe. Mkono ulioshika jiwe uwe nyuma ya makali.
6. Jicho, mdomo na manyoya viwe vya mwisho kabisa. Ikiwa umbo halijakaa vizuri, jicho halitaliokoa.
7. Rudi kwenye msasa namba 120. Kuanzia hapo kazi unaijua tayari.

Likivunjika, usilitupe. Sugua kipande kikubwa kilichobaki hadi namba 600 kiwe cha kushika tu, bila jina wala umbo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kipande hicho kitakufundisha mahali jiwe lile lilipokuwa na udhaifu.

> ONYO
>
> Vumbi. Vumbi la jiwe la sabuni ni laini kuliko linavyoonekana, na likivutwa kwa muda mrefu huumiza mapafu. Fanya kazi kwa maji, vaa barakoa, na usifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza. Usisugue jikoni wala chumbani wanapolala watoto.
>
> Maji machafu. Usiyamwage kwenye sinki au mtaro. Matope ya jiwe hugandamana na kuziba. Yaache yatuame, mwaga maji ya juu, kisha fukia matope shambani mbali na kisima.
>
> Machimbo. Mashimo ya Tabaka huchimbwa kwa mikono, na kuta zake hulegea mvua ikinyesha. Usishuke mwenyewe kutafuta jiwe.
>
> Kisu. Kisu butu huteleza. Kinoe kabla ya kuanza na ukiweke mbali na watoto.

Sauti ya mashaka ikianza kunena

Itanena. Kubishana nayo hakusaidii sana, kwa sababu ina hoja nyingi na muda mwingi. Kinachosaidia ni kuwa na jibu la mkono kwa kila hoja.

- "Huna kipawa." Rudi kwenye kusugua kwa dakika kumi. Msasa hauombi kipawa, na mara nyingi kazi ikishaanza kutembea sauti hunyamaza yenyewe.
- "Wa fulani ni mzuri zaidi." Chukua kitu chako cha kwanza na cha hivi karibuni, uviweke pamoja. Ulinganisho huo ndio pekee unaokuambia la kufanya kesho.
- "Umri umepita." Mkono wa mtu mzima unavumilia zaidi kuliko wa kijana. Mpe kijana msasa namba 120 uone atakavyoharakia 400.
- "Watu watasema unapoteza wakati." Weka saa. Dakika 45 zikiisha, acha, hata kama unatamani kuendelea. Jambo lenye mwisho unaojulikana ni rahisi kulitetea nyumbani.
- "Hiki hakitauzwa." Jibu kwamba hakiuzwi. Kwa mwezi wa kwanza usipange bei ya kitu chochote.

Kuna mashaka ambayo msasa hauyafikii. Ikiwa huzuni imedumu zaidi ya wiki mbili, usingizi umepotea, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda kituo cha afya kilicho karibu au zungumza na mtu unayemwamini leo hii. Sanaa inaweza kwenda sambamba na matibabu, lakini haichukui nafasi yake.

Ukiwa mbali na jiwe

Kutoka Ekerenyo au Nyansiongo hadi Tabaka ni safari, na si kila mtu ana nauli ya kufuata jiwe. Mgomba uko kila boma. Maganda yake makavu yana rangi kuanzia maziwa hadi kahawia iliyokolea, na yanatosha kutengeneza kadi na picha bila kununua rangi yoyote. Hapa pia anzia mwisho: panga rangi kwanza, kuchora kuje baadaye.

1. Mgomba uliokatwa mkungu ukianza kukauka, bandua maganda ya nje taratibu, yawe mapana kadiri inavyowezekana.
2. Yafute vumbi, yaweke kati ya magazeti chini ya vitabu vizito hadi yanyooke na kukauka.
3. Yakate kwa makasi vipande vya mraba na vya mstari. Vipange juu ya karatasi ngumu kuanzia cheupe hadi cheusi. Usibandike bado, vihamishe hadi macho yaridhike.
4. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha urudishe chini ya vitabu hadi kesho yake.
5. Ukishatengeneza kadi kadhaa za vipande tu, jaribu umbo: nyumba, kilima cha Manga, mti.

Tahadhari moja: utomvu wa mgomba mbichi ukigusa nguo hautoki. Vaa nguo ya shamba.

Anayependa kusuka anaweza kutumia njia hiyo hiyo. Mtafute mama au nyanya anayesuka vikapu, umwombe umalizie ukingo wa kile alichokwisha kusuka, kabla ya kujaribu kitako ambacho huwatoa wanagenzi jasho. Kwa muziki, obokano, ala ya jadi ya Wagusii, ina nyuzi nane na haijifunzwi kwa wiki moja. Mwombe mpigaji akufundishe kwanza kukaza nyuzi. Sikio likishajua sauti iliyokaa sawa, vidole vitakuwa na cha kufuata.

Kufanya pamoja

Mashaka hupenda upweke, na ndiyo maana kikundi kidogo husaidia. Watu watatu hadi watano wanatosha. Wengi Gusii ni Wasabato, kwa hivyo Jumapili huwa rahisi kuliko Jumamosi. Tafuteni baraza lenye paa, msije mkafukuzwa na mvua. Wekeni masharti haya mapema:

- Kila mtu aje na kazi yake, hata kama ni kusugua tu.
- Nusu saa ya kwanza hakuna anayesema lolote kuhusu kazi ya mwenzake.
- Anayetaka maoni aulize swali mahususi, kwa mfano: "Mgongo huu umenyooka?" Asiyeuliza asiambiwe.
- Hakuna kushika kazi ya mwenzako na kuirekebisha. Kosa hili hufanywa zaidi na wenye ujuzi, kwa nia njema.
- Watoto waruhusiwe, wapewe msasa namba 400 na maji, wasipewe kisu.

Makosa ya kawaida

- Kununua vifaa vingi kabla ya kuanza. Karatasi nne za msasa zinatosha mwezi mzima.
- Kuruka namba. Kutoka 120 hadi 600 moja kwa moja huacha mikwaruzo iliyong'aa, ambayo ni mibaya kuliko mikwaruzo ya kawaida.
- Kuanza na zawadi. Ukisema kitu cha kwanza kitakuwa cha mama mkwe, umejiwekea mtihani.
- Kuchonga ukiwa na hasira. Jiwe laini halirudishi kilichokatwa. Siku hiyo sugua.
- Kuacha kazi tano nusu. Maliza moja kabla ya kuanza nyingine, hata kama hupendi ilivyotokea.
- Kuwa na haraka ya kukausha. Jiwe lililowekwa karibu na jiko linaweza kupasuka.

Ukienda Tabaka

Mji huo mdogo uko kusini-magharibi mwa Kisii, kwenye mchepuko wa barabara iendayo Migori. Nenda asubuhi siku ya kazi. Salimu kwanza, "Bwakire" inafaa, na umwite mwenye umri mzee au mama kama ungefanya nyumbani. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikaa karibu na fundi kwa muda mrefu nunua kitu, hata kidogo, kwa kuwa anakufundisha katika muda wake wa riziki.

Zipo pia jumuiya za mafundi, kama vile Smolart, kikundi kilichoanza mwaka 1990 na kinachouza kazi za wanachama wake nje ya nchi. Mahali kama hapo unaweza kuona hatua zote kwa siku moja. Wengi huenda moja kwa moja kwa wachongaji. Wewe kaa kwanza na wanaosugua, utazame wanavyokunja msasa na wanavyojua kwa kidole, bila kutazama, kwamba namba moja imetosha.

Orodha ya kukagua: mwezi wa kwanza

☐ Nimepata kitu kimoja kisichosuguliwa na karatasi nne za msasa
☐ Nina mahali pa kufanyia kazi penye hewa, mbali na jiko na vitanda
☐ Nimechagua siku mbili za wiki na saa maalumu
☐ Nimesugua vitu viwili hadi namba 600 na kuvipaka nta
☐ Nimeremba kimoja kwa kukwaruza mistari tu
☐ Sijauza wala kutuma picha ya kitu chochote
☐ Nimeandika tarehe chini ya kila kitu kwa ncha ya msumari
☐ Nimemwalika mtu mmoja tufanye pamoja
☐ Kama jiwe limevunjika, nimekisugua kipande chake kikubwa

Ukiwa umeweka alama kwenye saba kati ya hizo tisa, uko tayari kwa bonge la kwanza na kuku wake. Ukiwa chini ya hapo, ongeza mwezi mmoja wa kusugua na kuremba. Utakapokwenda kuchukua bonge, beba kitu ulichokisugua vibaya kuliko vyote, umwonyeshe fundi na umuulize namba ipi uliiruka. Atajibu kwa kupitisha kidole, na jibu hilo litakuokolea karatasi nyingi za msasa.